Mbwa Aliyewapa Kuku Mgongo

Kitu cha kwanza kilichomtia shaka Mama Vifungo aliporudi kutoka kwenye mkutano wa maombi kilikuwa adabu ya mbwa.

Alipoondoka, wiki moja kabla, Afande alikuwa bado anafungwa kamba kwenye nguzo ya kuanikia nguo, ulimi nje, macho yamemtoka, akiwatazama kuku kama mwenye njaa anavyotazama mlango wa jikoni. Sasa alikuwa amejilaza katikati ya ua, hana kamba, kuku wanachakura karibu kabisa na mkia wake, naye amewapa mgongo. Wala hakuwa amesinzia. Masikio yalikuwa wima. Amewapa mgongo tu, kama mtu aliyenuniana na majirani zake.

"Umeona, dada?" Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha kufutia vyombo begani, anatabasamu mpaka jino la mwisho. "Amehitimu huyo. Bado joho tu."

"Amehitimu kwa wiki moja?" Mama Vifungo hakutua begi.

"Mbwa ana akili kuliko sisi."

"Na wewe umeanza lini kuosha vyombo?"

"Ah, dada! Mtu kubadilika nako ni kosa?"

Mama Vifungo alipita kando ya mbwa, akamtupia jicho la pembeni, na mbwa akainamisha kichwa kama aliyeitwa ofisini. Mama Vifungo aliingia ndani akihisi kitu kimekaa upande, kama shati lililoruka kifungo kimoja, ambalo huoni kosa lake mpaka ufike kwenye kola.

Alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu kila walipomkuta alikuwa na vifungo mdomoni, akivisogeza kwa ulimi kimoja kimoja huku akishona, na hata kugombana aliweza kugombana navyo. Chumba chake cha cherehani kilikuwa na dirisha linalotazama uani, kwenye banda la kuku. Tangu binti yake wa mwisho aolewe, sauti pekee ndani ya nyumba ile ilikuwa ya cherehani. Alikuwa ameomba, tena kwa machozi, Mungu ampe mtu wa kumwambia habari za asubuhi. Akapewa mdogo wake wa kiume, mlinzi mstaafu wa ghala la saruji, aliyefiwa na mke, akiwa na sanduku la bati na mbwa mkubwa mweusi kama lami.

"Niliomba mtu," alimwambia Mungu katika sala yake. "Mbwa sikumtaja."

Masharti yalisemwa siku hiyo hiyo walipofika, mezani, chai ikiwa bado ya moto. Akifa kuku mmoja, mmoja tu, kwa jino la huyo mbwa, basi mbwa anaondoka. Mdogo wake alikoroga chai muda mrefu, kisha akasema, "Sawa. Ila Afande akiondoka, dada, na mimi naondoka naye. Amekesha na mimi miaka yote ile. Siwezi kumtupa uzeeni." Walikuwa wa tumbo moja hao. Hakuna aliyewahi kumwona mwenzake akirudisha neno alilokwisha kulitoa.

Mafunzo yakaanza. Mbwa alishikwa kamba mbali na banda, kuku wakiwa nyuma ya wavu. Akiwakazia macho, aliachwa atazame. Akigeuza kichwa mwenyewe, hata kwa nukta moja, alisifiwa na kupewa kipande cha ini. Kisha walisogea kidogo. Akianza kutetemeka au kulia, walirudi nyuma kidogo. Kazi ilikuwa hiyo hiyo, asubuhi na jioni.

"Si umkaripie mara moja aache?" Mama Vifungo aliuliza, vifungo mdomoni.

"Thubutu! Ukimkaripia ataogopa kutazama. Na mbwa asiyetazama, hujui anawaza nini. Lazima atazame, halafu aache mwenyewe. Hapo ndipo unasema amefundishika."

"Kwa mwendo huu atahitimu siku ya kiyama. Kuku watakuwa wamejifia kwa uzee."

Alimtania hivyo karibu kila siku, na mdogo wake alicheka karibu kila siku.

Sasa, akikunjua nguo zake za safari, maneno yale ya mbwa asiyetazama yalimrudia. Alichungulia dirishani. Afande alikuwa ameuelekea ukuta. Kuku wakimpita mbele, anageuka nyuma. Wakimzunguka, anageuka tena.

"Huyu anaficha kitu," alisema peke yake.

Asubuhi aliketi kwenye cherehani, akakanyaga pedali, akasubiri. Katika kuku wake wote aliyempenda zaidi ni Malkia, kuku mwekundu mwenye mkia mweusi, mzee kidogo, mwenye maringo. Malkia alikuwa akisikia cherehani tu, anaacha kila kitu, anapanda ngazi, anaingia na kujilaza juu ya vipande vya vitambaa chini ya meza mpaka kazi iishe. Mama Vifungo alishona mkono mzima wa shati. Malkia hakuja. Alipotazama nje alimwona amesimama peke yake kwenye kona ya ua, shingo ameivuta, kama mtu anayesubiri usafiri mahali asipopajua.

"Malkia ana nini?" aliuliza.

"Amekununia," mdogo wake alijibu upesi. "Umemwacha wiki nzima bila kuaga."

"Kuku ananuna?"

"Ana roho, kwa nini asinune?"

Jioni akaona jingine. Kuku wana heshima zao wakipanda kulala. Malkia hulala ubao wa juu, ukutani, na wengine hufuata kwa vyeo, mpaka Kibarua, kuku mdogo wa madoadoa ambaye hulala chini kabisa karibu na mlango na kudonolewa na kila apitaye. Siku hiyo Malkia alipojaribu kupanda, Kibarua ndiye aliyemdonoa. Kibarua! Na Malkia akashuka bila kulalamika, akajikunyata sakafuni.

"Njoo uone maajabu huku! Kibarua anampiga Malkia!"

"Mapinduzi hayo," sauti ya mdogo wake ilitoka jikoni. "Hata serikali hupinduliwa."

Alitania, lakini hakutoka kuja kuona. Mtu ambaye hata paka akipita juu ya ukuta hutoka na tochi.

Basi Mama Vifungo akaanza kumwekea jicho. Akagundua kwamba mayai sasa yanaokotwa na mdogo wake, mapema, yeye akiwa bado yuko magotini kwenye sala ya asubuhi, na yanaletwa mezani yamechemshwa na kumenywa, yameng'aa, hata ganda hulioni. Akagundua kwamba jioni humkuta ameketi karibu na banda akiongea kwa sauti ya chini, na ukimkaribia anaanza kupiga mluzi. Aliwahesabu kuku. Hakuna aliyepungua. Akawahesabu tena kwa majina. Wote wapo. Hilo ndilo lililomsumbua zaidi, kwa sababu shaka ikikosa pa kukaa inazunguka nyumba nzima.

Ndipo Redio akapita. Redio alikuwa jirani wa upande wa pili wa ukuta, mke wa fundi baiskeli, na hilo jina lilimfaa kwa kuwa matangazo yake hayakuwa na mapumziko.

"Karibu nyumbani, jirani. Enhe, wiki iliyopita kwenu mlikuwa na wageni?"

"Wageni gani?"

"Mi sisemi kitu. Nilidhani mnachinja. Kuku wanapiga mayowe, mwanamume anapaza sauti, 'Acha! Acha! Acha!' Halafu kimya. Baadaye nikasikia jembe. Nikasema, ehe, huyu naye kilimo kakianza lini? Lakini mi sisemi kitu."

"Umeshasema."

"Basi sijasema vibaya. Na kuku wako wazima?"

"Wazima wote."

"Mungu ni mwema," alisema Redio, kwa uso wa mtu aliyenyimwa habari.

Mama Vifungo alirudi kwenye cherehani akashona bila kuona anachoshona. Wote wazima. Mayowe ya nini, basi? Jembe la nini? Asubuhi ile alikuwa ameomba waziwazi, "Bwana, nionyeshe kinachofichwa katika nyumba hii." Na tayari alikuwa ameanza kuogopa jibu. Kwa maana hesabu ilikuwa rahisi: akimkuta mbwa na hatia, anampoteza mdogo wake. Habari za asubuhi zitaisha. Vyombo viwili mezani vitabaki kimoja.

Mchana, mdogo wake akiwa amejinyoosha chumbani kwake, Mama Vifungo alisikia kuku wakinong'ona kwa ile sauti yao ya tahadhari. Akainua macho dirishani.

Afande alikuwa amesimama. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, alimwona akitazama. Hakuwatazama kuku wote. Alimtazama Malkia. Akamwendea moja kwa moja, kichwa chini, bila haraka, manyoya ya mgongo yamesimama.

Vifungo vilimtoka mdomoni, vikaruka sakafuni. Lakini mbwa hakufungua kinywa. Alimsukuma Malkia kwa bega. Malkia akasogea. Akamsukuma tena, akamfuata, akampitisha kando ya banda, kando ya ndoo ya pumba, mpaka getini. Pale getini akaketi, katikati ya Malkia na ua wote. Kibarua akapita chini ya kidevu chake, hakumjali. Kuku wengine wakapita, hakuwajali. Malkia alipojaribu kurudi, Afande aliinuka, akaziba njia, akaketi tena. Kisha akageuza uso kuelekea chumba cha mdogo wake, akabweka. Mara moja. Akanyamaza. Akabweka tena mara moja.

Mama Vifungo aliujua mbweko huo. Hivyo ndivyo Afande alivyobweka siku msoma mita ya maji alipoingia bila hodi. Hivyo ndivyo alivyombwekea fundi wa bomba. Alikuwa anamwita mkubwa wake aje amkague mtu asiyejulikana.

Mdogo wake alitoka mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Afande! We! Nyamaza!" alisema kwa kunong'ona, na mnong'ono wake ulifika mpaka dirishani. "Nimekwambia mara ngapi? Huyu ni wetu. Wetu!"

Akambeba kuku, akamrudisha kwa wenzake, akatupa jicho dirishani. Mama Vifungo alikuwa amekwisha kujibanza nyuma ya pazia, kama mwizi nyumbani kwake mwenyewe.

Huyu ni wetu. Ni kuku gani huyo, katika nyumba yake, anayehitaji kutambulishwa?

Aliinama kuokota vifungo, na akiwa pale chini akajikuta anaomba kinyume cha alichoomba asubuhi. Aliomba asiwe ameona. Aliona aibu. Angeweza kukaa kimya, alijua. Angeweza kula mayai yaliyomenywa maisha yake yote na kumwita yule kuku Malkia mpaka azoee. Watu wangapi wanaishi hivyo, wanapikiana, wanasalimiana, na kila mmoja anamjua mwenzake kwa mgongo tu?

Alishuka ngazi. Mdogo wake alikuwa anarudishia kiatu.

"Malkia ameanza kuchangamka, umemwona?" alisema. "Nadhani kesho atakuja cherehani."

Mama Vifungo aliingia bandani, akamkamata yule kuku, akamgeuza miguu juu mbele ya macho ya mdogo wake. Miguu ilikuwa laini, ya manjano, magamba yamelala vizuri kama ya kuku aliyeanza kutaga juzi. Miguu ya Malkia ilikuwa imekauka na kupasuka kama ya mkulima.

"Huyu ni msichana," alisema. "Malkia wangu yuko wapi?"

Mdogo wake aliitazama ile miguu.

"Nyuma ya tanki la maji," alisema. "Nimemzika vizuri. Nilimsemea na neno la sala."

"Ni mbwa?"

"Ni mimi. Nilitaka ukirudi ukute amehitimu. Kila siku ulikuwa unasema siku ya kiyama..."

"Nilikuwa nakutania!"

"Najua ulikuwa unatania. Na mimi nilikuwa nacheka. Lakini nikaruka hatua. Nikafungua kamba kabla hajawa tayari. Malkia akaruka wavu, akapiga mabawa mbele ya pua yake. Mbwa gani angevumilia? Ilikuwa mara moja tu, dada. Akamleta akamweka miguuni pangu, mkia unatikisika. Alidhani amekamata mwizi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nikampigia kelele. Mimi, niliyekukataza wewe. Nikampigia kelele siku nzima. Tangu hapo hawatazami tena."

"Na huyu?"

"Nilizunguka sokoni mpaka nikampata wa kufanana naye. Nilimtazama rangi. Sisi walinzi tunamtazama mtu sare. Sikujua kuku ana mambo mengi hivyo, mpaka rangi ya ganda la yai."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Masharti tulikwisha kuyasema." Aliinuka. "Usisumbuke kuyarudia. Nayajua."

Akaingia ndani. Mama Vifungo alibaki bandani na kuku wa watu mkononi. Alisikia sanduku la bati likivutwa kutoka mvunguni, kifuniko kikigonga ukuta. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na lilikuwa fupi: kaa. Lakini lilikwama kooni, palepale ambapo maneno ya namna hiyo yalikuwa yamewakwamia baba yake na babu yake. Aliomba msaada, wala hakumaliza kuomba, miguu ikawa imeshampeleka kwa mbwa.

Aligeuza ndoo, akaketi mbele ya Afande, akamnyooshea kuku usoni.

"Tazama," alisema.

Afande akageuka akatazama ukuta. Mama Vifungo akabeba ndoo yake akahamia upande wa ukuta. Afande akageuka akatazama banda. Akabeba ndoo tena.

"Tazama, mpumbavu wewe! Ninakutambulisha!"

Walikuwa wamezunguka hivyo karibu duara zima pale mdogo wake alipotoka, sanduku begani, kamba mkononi, amekuja kumchukua mbwa wake. Akasimama.

"Unafanya nini?"

"Si unaona?"

"Naona unatafuta kuumwa. Umemsogelea mno. Na huyo kuku unamkaba au unamshika?"

"Basi nionyeshe."

"Naondoka, dada."

"Nimesikia. Nionyeshe kwanza."

Mdogo wake akalitua sanduku katikati ya njia, akamfunga Afande kamba, akamsogeza mpaka kwenye nguzo ya nguo.

"Nenda kule mwisho. Mbali zaidi. Zaidi! Sasa keti. Mshike kifuani, si shingoni. Na usiseme neno, kama unaweza."

"Naweza."

"Umeshasema."

Afande aliutazama ukuta. Kuku alitulia mapajani mwa Mama Vifungo, joto lake likapenya kwenye gauni. Hakuwa Malkia. Alikuwa na moyo unaodunda upesi kuliko wa Malkia. Muda ukapita mpaka mguu wake ukafa ganzi, na hakuusogeza.

"Usipumue," mdogo wake alinong'ona.

Jicho moja la Afande lilikuwa limetoka ukutani. Likamtazama kuku. Likamtazama yeye. Mwili wote wa mbwa ulikaza kama kamba iliyoloa, na Mama Vifungo akahisi nywele za mikono yake zikisimama, maana hakumwamini hata kidogo. Kisha Afande akashusha pumzi, akageuza kichwa polepole, bila mtu kumwambia.

"Ini!" mdogo wake alisema. "Haraka, ini liko wapi?"

"Ini lipi? Mpishi ni wewe!"

"Kitu chochote, dada, hili haliwezi kusubiri!"

Mama Vifungo akakimbia, kuku kwapani, akachechemea kwa mguu wa ganzi, akarudi na kitu cha kwanza alichokikuta mezani. Mdogo wake alikitazama.

"Yai? Mbwa anafundishwa kuwaacha kuku, unamlipa yai?"

"Mpe hivyo hivyo. Kesho nitanunua ini."

Alikuwa ameshamega kipande. Mkono wake ukasimama njiani, Afande akaufuata kwa macho.

"Kesho?"

Mama Vifungo alimtengeneza kuku kwapani, ingawa kuku alikuwa amekaa vizuri.

"Kesho," alisema. "Na baada ya kesho. Na hiyo kamba haifunguliwi mpaka tukubaliane wote wawili. Na mayai kuanzia leo naokota mimi, kwa sababu wewe sikuamini."

"Na Afande?"

"Huyo ndiye simwamini kabisa."

Mdogo wake alimpa mbwa kipande cha yai. Akalitazama sanduku lililokuwa limeziba njia, akalivuta mpaka kwenye kivuli, akaliketia.

"Rudi kwenye ndoo yako," alisema. "Bado uko karibu mno."